Mlangilangi Lamu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Punje Hadi Ua la Kwanza

Malalamiko ni matatu, na kila mwaka huja kwa zamu. Septemba naambiwa, "Nimetia mbegu mwezi mzima, hazioti." Mei naambiwa, "Mche ulikuwa mzuri kitaluni, nimeuhamisha ukafa wiki ya pili." Wakati wa kaskazi naambiwa, "Mti una miaka sita, umepita paa, sijaona ua."

La kwanza ni la mbegu ambayo bado imelala. La pili lina mzizi wake, na hapa simaanishi mzizi wa maneno. Mlangilangi hushusha mzizi mkuu mrefu tangu ukiwa mdogo kama kidole, na mzizi huo ukipinda au kukatika, mti hausahau. La tatu ni kosa la msumeno uliobaki stoo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke.

Kwanza: una hakika ni mlangilangi?

Kwa jina moja huuzwa mimea mitatu. Upo mti wenyewe, Cananga odorata, wenye matawi yanayoning'inia na maua marefu membamba ya manjano. Upo mfupi wake, kichaka cha mita 2 hadi 3 ambacho huanza kutoa maua kikiwa kidogo. Na upo mmea unaotambaa, Artabotrys hexapetalus, ambao vikonyo vyake vimejikunja kama ndoana. Huo wa ndoana ni mmea mwingine kabisa, ingawa nao unanukia.

Kama una kiwanda kidogo, yaani uwazi wa ndani ya nyumba ya mtaani, nafasi ya mikeka miwili tu, nunua ule mfupi na usome kuanzia hatua ya 5. Mti wenyewe ukiachwa huweza kupita mita 15. Ua wa nje, shamba, au kiwanja cha Shela ndipo mahali pake.

Vitu vya kuwa navyo

- Mbegu zilizotoka kwenye matunda meusi, zilizokaa miezi 6 au zaidi
- Chupa za maji za lita 1.5, mbili kwa kila mti unaoutaka
- Utepe wa gundi, kisu kikali, msumari na kipande cha gunia
- Udongo mwekundu wa bara, na mchanga usiotoka ufukweni
- Samadi ya punda iliyokaa miezi 3 au zaidi, iliyogeuka kuwa kama udongo
- Jembe, na mtaimbo kama kwako ni matumbawe
- Makumbi ya nazi makavu
- Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, hata ukiwa na ufa mdogo mdomoni
- Makuti na fito nne
- Maji matamu ya uhakika

Hilo la mwisho ndilo wengi hawalihesabu. Nitalirudia.

Hatua ya 1: Chuma tunda jeusi, kisha lisahau

Matunda hutoka kwa vichala, kila moja kama zaituni ndogo. Changa ni la kijani, lililoiva ni jeusi. Ndani mna mbegu bapa za kahawia, 6 hadi 12, zimejipanga safu mbili. Ndege hawangoji ruhusa, kwa hivyo kichala kikianza kubadilika rangi kifunge kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Tunda la kijani usilichume ukidhani litaivia kabatini.

Menya, osha mpaka nyama yote itoke, maana inayobaki huleta ukungu. Anika mbegu kivulini siku 4, zitie kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe, ziweke mahali pakavu. Sasa ziache nusu mwaka, hata mwaka mzima.

Sababu ni kwamba mbegu mbichi ya mlangilangi imelala. Mwaka wangu wa kwanza nilizitia udongoni siku ileile nilipozimenya. Nikangoja miezi miwili, nikakata tamaa, ule udongo nikaumwaga kwenye chungu cha rehani. Mwezi wa nne, katikati ya rehani, ikatoka michipukizi mitatu nisiyoijua. Nilidhani ni magugu, na mmoja nilikuwa nimeshaung'oa kabla sijaitambua ile mbegu iliyoning'inia kichwani mwake.

Hatua ya 2: Ziamshe

Anza mwishoni mwa Septemba ili mche uwe tayari kwa mvua za mwaka, yaani masika, Aprili ikifika.

Chemsha maji, yaepue, yaache dakika 5 yapungue ukali, kisha yamwagie mbegu ndani ya bakuli. Ziache humohumo mpaka kesho yake saa ileile. Maji moto hulainisha ganda. Zile ambazo baada ya siku nzima bado zinaelea, nyingi huwa tupu, zitupe.

Onyo: usizichemshe jikoni pamoja na maji. Utakuwa unapika.

Hatua ya 3: Chupa iliyopasuliwa

Hapa ndipo mti huokoka au hupotea, kwa hivyo nitakwenda polepole.

Kitalu cha kawaida huotesha kwenye vifuko vifupi. Mzizi hufika chini wiki chache tu, ukikosa njia hugeuka na kuzunguka kama kamba ndani ya ndoo. Mche kwa juu unapendeza, unaununua, unaupanda, na chini tayari umejinyonga. Niliwahi kununua miche miwili ya namna hiyo. Ilikaa miaka miwili bila kurefuka hata shubiri, na nilipoing'oa nilikuta mzizi umejifunga fundo unene wa kidole gumba.

Chupa ya lita 1.5 ina urefu wa kama sentimita 30, nao unatosha. Ifanye hivi:

Kata shingo ya chupa. Ipasue kwa kisu kutoka juu mpaka karibu na kitako, pande mbili zinazoelekeana. Sasa irudishe kama ilivyokuwa, ifunge kwa utepe sehemu tatu. Pasha msumari moto, toboa matundu 5 kitakoni. Zungushia gunia, kwa sababu mwanga ukipenya plastiki huotesha ukoga, na mizizi huukimbia mwanga. Siku ya kuhamisha utabandua utepe na chupa itafunguka kama ganda la karanga, mzizi usiguswe na mkono wa mtu.

Changanya udongo mwekundu sehemu 2, mchanga 1, samadi 1. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata ukiwa umeuosha, maana chumvi yake haiishi kwa ndoo mbili za maji. Jaza, gonga kitako chini mara mbili udongo ushuke, ongeza.

Tia mbegu mbili kila chupa, kina cha ukucha mmoja. Weka chini ya kivuli cha kuti, mahali ambapo jua linapita kwa madoa. Unyevu uwe kama wa nguo iliyokamuliwa, usiwe kama wa nguo iliyo majini.

Kisha ngoja. Huenda ikawa wiki tatu, huenda ikawa miezi mitatu, hata za tunda moja haziamki pamoja. Usichimbue kuangalia.

Hatua imefaulu ukiona kitanzi cha kijani kinachomoza, mara nyingi kikiwa bado kimevaa ganda la mbegu. Usilivue hilo ganda, utang'oa na majani. Lirashie maji jioni, litadondoka lenyewe. Zikiota zote mbili, ukifika urefu wa kidole mkate kwa mkasi ule mnyonge usawa wa udongo. Ukiung'oa utaukwaruza mzizi wa mwenzake.

Hatua ya 4: Chagua mahali kwa pua na kwa upepo

Mlangilangi hunukia zaidi usiku hadi alfajiri. Kwa hivyo jiulize upepo wa usiku unaingilia wapi nyumbani kwako. Kusi huvuma miezi mingi baada ya mvua za mwaka kuanza, kaskazi huanza karibu na Desemba. Mti ukiwa upande unaotoka upepo, harufu itaingia ndani bila kualikwa. Lakini kuna bei: matawi yake ni mepesi kuvunjika, na kusi ya Julai karibu na bahari hubeba chumvi inayounguza majani. Hivyo utafute upande wa upepo ulio na kinga, kwa mfano nyuma ya minazi, mwembe wa jirani au ukuta mrefu. Ukikosa kinga, kubali mti ukae upande wa pili, harufu utaipata ukitoka barazani.

Usiupande chini ya dirisha la chumba cha kulala cha mtu anayeumwa kichwa kwa manukato. Hilo limevunja urafiki wa majirani wawili ninaowajua.

Uwe mbali na ukuta angalau mita 4. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukinyeshewa hutiririsha chokaa, udongo chini yake hugeuka mkali, na mti hushindwa kunyonya madini ya chuma. Utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Shimo la choo nalo liepuke kwa umbali huohuo au zaidi, kwa faida ya mti na ya shimo.

Jua liupate mti kwa zaidi ya nusu ya siku. Mche hupenda kivuli, lakini mti mzima kivulini hutoa majani, maua machache.

Hatua ya 5: Shimo, mwezi mmoja mapema

Chimba mwanzoni mwa Machi, sentimita 60 upana na 60 kina au zaidi. Mti mfupi wa kiwandani unatosheka na 45.

Kama mtaimbo unagonga tumbawe, endelea kuvunja. Shimo la bakuli la jiwe ni kile kifuko kifupi cha kitaluni kwa ukubwa mwingine. Ukikuta mwamba usiopasuka kabla ya sentimita 50, funika, hamia pengine. Najua inauma.

Kama ni mchanga mtupu, tatizo ni kinyume, maji yanapita kama kwenye chungio. Tandika makumbi makavu chini, migongo chini na nyuzi juu, yashike maji. Makumbi yawe yaliyomenywa shambani. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelewa chumvi.

Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na madebe 2 ya samadi ya punda na udongo mwekundu kadiri ulivyojaliwa. Punda Lamu hawatupungukii, lakini samadi mbichi huchemka na kuunguza mizizi. Ipime hivi: itie mkono ndani ya rundo. Ukihisi joto, bado. Ikiwa haina joto wala harufu ya zizi, chukua. Jivu la kuni usiongeze, udongo wetu una ukali wa chokaa wa kutosha.

Hatua ya 6: Siku ya kuhamisha

Mche uwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30, na ukichungulia matundu ya kitako uone ncha nyeupe za mizizi zinaanza kuchomoza. Kabla ya hapo udongo utamomonyoka mkononi, na ukichelewa mzizi utazunguka. Wiki mbili kabla, punguza kivuli kidogokidogo ili majani yazoee.

Ngoja mvua zianze kweli. Manyunyu ya siku moja yasikuhadae. Chagua siku ya mawingu, baada ya sala ya alasiri, ili mche uwe na usiku mzima wa kupumua kabla ya jua.

Mwagilia chupa asubuhi yake. Jioni, chimba katikati ya shimo tundu dogo lenye kina cha chupa. Kata kwanza kitako cha chupa kwa kisu, ishushe chupa ndani, bandua utepe, kisha toa vipande viwili vya plastiki kwa juu huku mwenzako akishikilia udongo kwa viganja. Usiukamate mche kwa shina. Usawa wa udongo ubaki palepale ulipokuwa kwenye chupa, maana shina likizikwa huoza.

Shindilia kwa vidole, si kwa mguu. Zungushia kingo kama sahani kubwa, mimina nusu debe la maji. Simika fito nne, zungusha makuti upande wa upepo na upande wa jua la mchana.

Majani yatalegea adhuhuri kwa wiki mbili, yakiinuka ikikaribia magharibi usihangaike. Yasipoinuka usiku, ongeza kivuli kwanza kabla hujaongeza maji. Jani jipya kabla ya siku 40 ni ushahidi kwamba mzizi umeshika.

Na tafadhali: mlangilangi hata ukiwa mzima na mwenye furaha, matawi yake huinamia chini. Ndiyo maumbile yake. Nimeona mti ukimwagiliwa mpaka ukaoza kwa sababu mwenyewe alidhani una kiu.

Hatua ya 7: Maji matamu, mwaka wa kwanza

Visima vingi vya mtaani vina chumvi, na wakati wa kaskazi chumvi huzidi. Visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela ni afadhali. Onja. Ulimi ukihisi chumvi, mche utaihisi mara kumi. Dalili ni kingo za majani kukauka na kuwa kahawia kama zilizopitishwa motoni, kuanzia majani ya chini. Tega maji ya mvua kwenye jabia au hata kwenye mapipa, uyahifadhi kwa ajili ya Januari na Februari.

Mtungi ndio mkombozi wangu. Ufukie mpaka shingoni, sentimita 40 kutoka kwenye shina, ujaze, ufunike kwa kigae mbu wasizae humo. Maji hupenya udongo wa mtungi taratibu, mzizi huyafuata chini badala ya kutambaa juu. Kiangazi mimi huujaza mara mbili kwa wiki, na hakuna tone linalopotea juani. Ukitumia ndoo, upe mche lita 10 kwa pamoja mara mbili kwa wiki. Kikombe kimoja kila jioni ni kuulea mzizi uje juu kuomba.

Funika udongo kwa majani makavu, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, mchwa wasijenge. Mwani usiutandaze. Najua kuna watu huusifu, hata hivyo kwa mti huu ni chumvi tu.

Mwaka wa pili punguza maji. Kuanzia wa tatu, mti uliopandwa vizuri unaweza kumwagiliwa wakati wa ukame tu. Samadi debe moja kila mwanzo wa mvua inatosha.

Hatua ya 8: Kata kilele

Hili ndilo jibu la lile lalamiko la tatu. Mara nyingi ua lipo, liko juu ya paa la jirani, na wewe unaokota yaliyodondoka yakiwa meusi. Wangazija, wanaolima mlangilangi kwa ajili ya mafuta yake, hawauachi upande juu. Huukata mapema matawi yakatanuka pembeni, na mchumaji husimama chini.

Shina likifika mita 2 hadi 2.5, kwa kawaida kati ya mwaka wa pili na wa tatu, kata ncha yake kwa msumeno mkali, mkato wa mshazari maji ya mvua yatiririke. Fanya hivyo siku kavu, Machi, kabla mti haujaamshwa na mvua. Tawi linalokaidi kwenda juu lifunge kwa kamba ya makumbi, uning'inize jiwe zito kiasi cha kulilaza, si kulivunja. Vichipukizi vinavyorudi kupanda wima vikate vikiwa vyembamba.

Onyo: usinyoe matawi ya pembeni kila mwaka kama ua wa michongoma. Maua hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyokomaa, nyuma ya majani. Ukikata kila mwaka unakata maua ya mwakani.

Hatua ya 9: Kuchuma

Ua la kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu kwa mti uliokubali mahali pake, na mengi hufuata baada ya mvua. Msimuite mtu siku lifungukapo. Langilangi likifunguka huwa la kijani, halina harufu ya maana. Hungoja wiki mbili hadi tatu likigeuka manjano. Lipindue uangalie chini ya petali zake sita. Doa jekundu la kahawia likijitokeza hapo kwenye shina la petali, ndilo lenyewe.

Chuma kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi, jua likipanda harufu nayo huondoka. Vuta tawi polepole kwa kingoe, kata kikonyo kwa ukucha. Ukilinyakua tawi litabaki mkononi.

Ya kikuba (kifurushi kidogo cha maua yanukiayo) au ya kutandaza kitandani yafunge katika jani la mgomba mpaka jioni. Ya kutia kwenye mafuta ya nazi yaache kwanza yanyauke kivulini siku moja kwenye ungo, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya ua bichi huchachusha mafuta. Kisha yazamishe yote, pasibaki petali juu ya mafuta, funga, weka kabatini. Siku ya saba chuja kwa kitambaa, na ukitaka makali zaidi tia maua mapya katika mafuta yaleyale.